Aliyekataa Kufunga Mvua

Baba Cele, mlinzi wa jengo, alilipokea begi la Verediana mlangoni, kisha badala ya kulibeba akalikalia.

"Msimu huu wote wa joto tumenyeshewa mpaka kuta zimeota ukungu," alisema kwa kile Kiingereza chake chenye Kizulu katikati. "Niambie ukweli. Ni wewe?"

"Si mimi, Baba. Nilikuwa kaskazini kabisa, mbali na hapa. Huko hata nyasi zinalia."

"Eish. Gazeti linasema ni wewe."

Na kweli gazeti lilikuwapo. Lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa lifti, ambayo kwa kuwa ilikuwa haijatembea tangu Krismasi, mlango wake ulikuwa umegeuka ubao wa matangazo wa jengo zima. Verediana alijiona mwenyewe amesimama chini ya bawa la ndege ndogo, ndani ya ovaroli inayomzidi, anacheka na jua machoni. Juu yake maandishi makubwa yalisema kwamba hawa ndio wanaokamua mawingu. Mtu fulani alikuwa amemchorea taji kwa kalamu. Mwingine, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika kwa Kifaransa: Nani amewaruhusu?

Alilisoma swali hilo mara moja, akachukua begi lake, akaanza kupanda ngazi.

Wacha tuseme ukweli: alikuwa anajivunia picha ile. Alikuwa msichana wa Kanyigo, kule ambako Tanzania inakaribia kugusana na Uganda, aliyekuja Durban kusomea hali ya hewa, na sasa alikuwa amemaliza shahada ya pili na kuajiriwa kwenye mradi wa utafiti. Kazi ya mradi ilikuwa hii: ndege inapita chini ya wingu nene, inawasha mirija ya chumvi iliyofungwa kwenye mbawa, moshi wa chumvi unanyonywa na wingu, halafu watu wa chini wanapima kama mvua imeongezeka. Mawingu mengine yanaachwa yapite bila kuguswa, yakichaguliwa kwa kura, ili kuwe na cha kulinganisha. Majibu kamili yalikuwa bado. Verediana aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa ameona vijiji ambako wanawake wanachimba mchanga wa mto kwa mikono kutafuta maji, na aliamini kwamba siku moja chumvi ile itawapunguzia safari.

Ghorofa ya tano, mlango ulifunguka kabla hajabisha.

"Ma fille, mtoto wangu, umekonda hivi. Kule kwa ndege batu hawakulaka?"

Mama Antoinette alimkumbatia mpaka begi likaanguka. Alikuwa mwanamke mpana wa Bukavu, mwenye Kiswahili cha Kongo, saluni chini ya jengo na harufu ya mafuta ya nywele isiyomtoka hata Jumapili. Verediana alikuwa amefika mlangoni pake miaka minne nyuma, mwanafunzi asiye na pa kulala, na Mama Antoinette alikuwa amemwonyesha kitanda cha pili katika chumba cha binti yake Julienne na kusema, huyo ni dada yako, mtagombana tu. Waligombana, na wakawa dada. Sasa Julienne alikuwa anaolewa Jumamosi na Gosbert, kijana wa Kihaya anayeuza simu karibu na kituo cha teksi, na ilikuwa Jumatano.

Sebuleni kamati ya harusi ilikuwa imejaa: upande wa bibi harusi Wakongomani, upande wa bwana harusi Watanzania, katikati sahani ya sambusa inayogombaniwa na pande zote mbili. Aliyeongoza upande wa Gosbert alikuwa baba yake mdogo, Mzee Respicius, aliyeishi Durban tangu zamani na bado alivaa koti hata siku ya joto la kuyeyusha lami.

"Shikamoo baba," Verediana alisema.

Mzee Respicius hakuitikia mara moja. Alisimama kwanza, jambo ambalo mzee hamfanyii binti.

"Marahaba, mjukuu wa Dominiki wa Kanyigo. Niliposoma gazeti nikawaambia hawa, damu haikai bure. Babu alikuwa mtu wa mvua, na mjukuu amekwenda kusomea palepale."

"Babu alikuwa mkulima wa kahawa, baba."

"Alikuwa mkulima wa kahawa," mzee alikubali, na Watanzania wote wakatabasamu kama watu waliosikia mzaha wa nyumbani. "Sasa sikiliza. Jumamosi watu watakula bustanini, hapo ng'ambo ya barabara, maana ukumbi hautoshi. Hatukuombi kitu kikubwa. Tunakuomba tu ukumbuke kwamba sisi ni wenu. Tufungie."

Verediana alielewa. Kwao, na kwa Mama Antoinette pia, harusi haiandaliwi bila mtu wa kufunga mvua. Wanamtafuta kama wanavyomtafuta mpishi.

"Baba, mimi siwezi kufunga mvua," alisema taratibu, kwa heshima zote. "Hakuna anayeweza. Hata sisi wenye ndege hatufungi wala hatuleti. Kama wingu halipo, tunakaa chini tunacheza karata."

"Nimesikia," alisema Mzee Respicius, na uso wake ukang'aa.

"Nasema kweli, baba. Siwezi kitu."

"Nimesikia, mwanangu. Usiseme zaidi."

Akaketi, akawatazama wenzake, akachukua sambusa ya mwisho kama mtu ambaye kazi yake ya siku imekwisha. Verediana akaenda jikoni kuosha mikono, moyo mweupe. Alidhani amewaelimisha.

*

Ijumaa mchana alikuwa saluni, anamshikia Julienne rasta wakati dada yake Mama Antoinette, Cathy, anamsuka. Picha ya gazeti ilikuwapo hata hapa, juu ya kioo kikubwa. Nje upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa unapiga kwa joto zito, la kunata, na mikono yote ya saluni ilikuwa inapepea kitu.

"Hema litafungwa leo au kesho asubuhi?" Verediana aliuliza. Aliuliza tu, ili kuzungumza.

"Hema gani?" alisema Julienne. "Mzee Respicius alilirudisha juzi. Limekwenda kwenye harusi nyingine, Chatsworth."

"Amelirudisha kwa nini?"

"Kwa sababu yako, si ulikubali."

Verediana aliacha rasta zikaanguka. "Nilikataa. Ulikuwapo. Nilikataa mara mbili."

Julienne alimtazama kwenye kioo kwa huruma. "Hivyo hivyo. Gosbert alinieleza. Babu yako hakuwahi kukubali hata siku moja. Mtu akija kumwomba, anasema mimi siwezi kitu, halafu anaingia ndani anafunga mlango, na watu wanakwenda kutandika mikeka nje bila wasiwasi. Kuna mwaka alimwambia mtu nitajaribu, na ile harusi ilisombwa na maji. Kwenu neno la kukubali ni siwezi. Na wewe ulisema mara mbili. Mzee alirudi kwake anaimba."

Cathy alicheka. "Bahaya banaongea kinyume. Njo maana harusi yao inakuwaka ndefu."

Verediana hakucheka. Alikuwa ameona kitu alichokisahau: babu yake ndani ya chumba kilichofungwa, anavuta kiko, anatazama ziwa kupitia dirisha dogo, na yeye mtoto amekaa miguuni pake akimwuliza, babu, unaifungaje? Na mzee alimjibu kwa uchovu: "Nimewaambia siwezi. Hawasikii."

Maisha yake yote mzee yule alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyemwamini. Mwishowe alichoka, akawa anafunga mlango tu.

Verediana alitoka saluni akaenda kibanda cha simu. Goodluck, kijana wa Mbeya waliyesoma pamoja, alikuwa zamu kwenye ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege.

"Usiniulize," Goodluck alisema hata kabla ya salamu kuisha. "Port Elizabeth, kule kusini, upepo umegeuka mchana huu, sasa unatoka kusini. Unakuja ukifuata pwani. Kesho mchana utakuwa hapa, na nyuma yake mvua ya maana."

"Una hakika?"

"Dada, huu ni utabiri, sio ubatizo. Lakini mimi kesho natembea na mwavuli."

Aliweka simu chini, akabaki amesimama na mkono juu yake. Nje watu walikuwa wanapita na mifuko ya soko, jua linawaka, hakuna wingu. Akaona mtego wote aliomo. Akinyamaza, Julienne atalowa na mavazi yake mbele ya wakwe, na Mama Antoinette atatahayari mbele ya jengo zima. Akisema, itakuwa mbaya zaidi. Kwa watu wanaoamini kwamba mvua iko mkononi mwake, kusema itanyesha ni kusema nitainyesha. Wataona amewatishia. Na Mama Antoinette, ambaye hakumwuliza hata jina kabla ya kumpa kitanda, atajiuliza alimlisha nani miaka hii yote.

*

Kamati ilikutana kwa mara ya mwisho jioni hiyo, mwanga bado uko dirishani. Verediana aliomba kusema. Mzee Respicius akamkatisha kwa mkono.

"Hapana haja, mwanangu. Mambo yako tumeyaona. Tangu Jumatano hata tone."

"Kesho mvua itanyesha," alisema Verediana.

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Itaanza mchana, kwenye saa saba au saa nane. Ikichelewa, saa tisa. Itakuja na upepo wa kusini, na itakuwa nyingi. Hema linahitajika, au paa."

Cathy ndiye aliyepata sauti kwanza. "Tumekukosea nini, Veredi?"

"Hamkunikosea. Siileti mimi. Naiona tu inakuja, kama unavyoona gari likija barabarani."

"Jumatano ulifunga," alisema Mzee Respicius. Koti lilikuwa limemkaa vibaya ghafla. "Leo unafungua. Kama ni zawadi, tungezungumza. Sisi si watu wa kusahau."

"Jumatano nilisema siwezi kwa sababu siwezi. Na babu yangu alipowaambia hawezi, alikuwa hawezi. Nilikuwa naye chumbani, baba. Alikuwa anavuta kiko." Akawageukia wote. "Nitawaambia tunachofanya, chote, halafu mnihukumu. Tunachoma chumvi chini ya wingu ambalo tayari lina mvua. Tunatumaini litatoa zaidi kidogo. Hatujui bado kama inafaa. Narudia, hatujui. Ndiyo maana tunapima. Ndege yetu haijawahi kuruka juu ya Durban, na haiwezi kuzuia hata manyunyu. Mtu akiwaambia anaweza kufunga mvua, awe na ndege au awe na kiko, anawadanganya."

Chini barabarani mtu alikuwa anaosha gari na redio iko juu.

Aliyezungumza baadaye alikuwa Pierre-Claver, fundi cherehani aliyeshona suti ya bwana harusi, mtu mwembamba kutoka Uvira asiyepoteza maneno. Alikuwa amekaa pembeni na sindano bado imechomekwa kifuani.

"Mi niliandika pale kwa lifti," alisema. "Kwa bic nyekundu. Haiko sababu ya chuki, dada. Nilitaka kujua. Chini ya ile wingu, iko batu?"

"Wapo."

"Inaweza kuwa mutu ameanika mahindi yake. Inaweza kuwa iko mazishi. Ile chumvi inashuka kwa shamba ya mutu. Nani alienda kuwauliza?"

Verediana alikuwa na majibu tayari ya maswali mengi. Alijua ni chumvi kiasi gani, alijua kwamba ni kidogo kuliko inayoletwa na upepo wa bahari. Lakini Pierre-Claver hakuuliza kuhusu kiasi.

"Sijui kama waliulizwa," alisema. "Nilipaswa kujua, na sijui. Kesho mkuu wangu, Dokta Moonsamy, atakuja harusini. Mwulize yeye, na mimi nitatafsiri kila neno."

Wote wakamgeukia Mama Antoinette, maana harusi ilikuwa yake na nyumba ilikuwa yake. Alikuwa anaikunja khanga mapajani na kuikunjua.

"Kule Bukavu, wakati ya vita," alisema hatimaye, "ndege ikipita, hakuna mutu alikuwa anatuuliza. Tunasikia tu sauti, tunalala chini. Mpaka leo, Veredi, ndege ikipita hapa naangaliaka mlango iko wapi. Ile picha yako nilibandika saluni sababu ni wewe. Lakini ile ndege nageuziaka mgongo." Akamtazama Verediana. "Ukisema ndege yenu haipiti hapa, haipiti?"

"Haipiti, Mama."

"Na mvua kesho?"

"Itanyesha, Mama."

Mama Antoinette alisimama, akaifunga khanga kiunoni. "Basi twende kwa Baba Cele. Tunafanyia harusi kwa parking, chini ya jengo."

"Kwenye gereji?" Mzee Respicius aliuliza kama aliyeambiwa jela. "Nitawaambia nini watu wa Bukoba? Kwamba nilimwozesha kijana katikati ya matairi?"

"Uwaambie ilikuwa na paa," alisema Mama Antoinette, na akatoka.

Baba Cele alisikiliza maombi yao, akamtazama Verediana muda mrefu. "Kwa hiyo mvua si wewe."

"Si mimi."

"Lakini unaifahamu."

"Naifahamu kiasi, Baba."

"Sharp," alisema Baba Cele, akaenda kugonga milango ghorofa kwa ghorofa, watu waondoe magari yao. Jengo zima lilishuka. Wakongomani, Watanzania, Wazulu wa ghorofa ya tatu, mama mmoja wa Kihindi na wajukuu zake: watu wakafagia, wakamwaga maji ya sabuni juu ya madoa ya oili, wakatundika vitenge kwenye nguzo mpaka saruji ikasahaulika. Pierre-Claver alishona pazia la mlango mkubwa kwa shuka tatu za saluni. Verediana alifagia pamoja nao na hakuna aliyemtukana. Wala hakuna aliyezungumza naye sana.

*

Jumamosi ilipambazuka bila wingu hata moja.

Kanisani saa nne jua lilikuwa linaingia madirishani kama limealikwa. Julienne alikuwa mzuri kiasi kwamba Gosbert alisahau maneno yake, padri akamsaidia. Walipotoka, picha zilipigwa kwenye mwanga mkali, na wageni walipoongozwa kutoka kwenye mwanga huo, kupita bustani nzima ya kijani iliyokuwa inawangoja, na kuingizwa chini ya jengo kwenye maegesho, Verediana alisikia kila walichosema.

"Hapa ni wapi, tunapakia meli?"

"Wanasema mvua."

"Mvua ipi? Labda ya mwakani."

Saa saba wali ulipakuliwa. Jua. Saa nane wazungumzaji walisimama kwa zamu, kila mmoja akiifuta shingo. Jua bado. Upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa unaingiza vumbi la barabarani chini ya pazia la Pierre-Claver. Mama Antoinette alikuwa amekaa meza kuu na kilemba cha dhahabu, mgongo umenyooka, anatabasamu kwa wakwe. Hakumtazama Verediana hata mara moja, na Verediana alijua maana yake: alikuwa anamkinga. Akimtazama, kila mtu angemtazama.

Mzee Respicius alikuja na kiti chake, akaketi karibu naye, akijipepea na sahani ya karatasi.

"Mwanangu, mimi sigombi," alinong'ona. "Lakini babu yako hakutupeleka gereji."

"Babu hakuwaambieni lini itanyesha, baba. Mimi nimewaambia."

Mzee alifikiria hilo, akaendelea kujipepea.

Dokta Moonsamy alikuwa amefika na sari ya rangi ya zambarau na sufuria ya biriani aliyoipika mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mkuu wa mradi, anayesikiliza watu huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mashine. Pierre-Claver alimwendea wakati keki inapangwa. Alikuwa amevaa vizuri, bila sindano. Verediana akasimama kati yao.

Fundi aliuliza swali lake tena, polepole, na safari hii meza za jirani zilinyamaza kusikiliza. Verediana alitafsiri. Hakulainisha neno. Aliposema nani alikwenda kuwauliza, aliona macho ya mkuu wake yanapepesa, na alijua kwamba kazi yake, ile aliyoipenda, inaweza kuishia hapo, kati ya keki na nguzo. Hakuongeza samahani wala labda.

Dokta Moonsamy aliweka bilauri yake mezani.

"Wenye mashamba makubwa tuliwaambia," alisema. "Waliobaki, hapana. Tulijisemea kwamba ni chumvi tu." Alinyamaza ili Verediana amfuate, kisha akaendelea, sasa akimtazama fundi mwenyewe. "Mimi nimekulia Chatsworth. Wazazi wangu walihamishiwa huko kwa lori enzi za ubaguzi wa rangi, hakuna aliyewauliza kitu. Swali lako nilipaswa kujiuliza kabla ndege haijaruka. Mwezi ujao tuna mkutano wa wazi, kwenye ukumbi wa mtaa wa Morningside, hapahapa mjini. Njoo uliulize mbele ya wote, na halitapita bila jibu."

"Nitakuja," alisema Pierre-Claver. "Nitaleta na wengine. Na mkalimani awe huyuhuyu. Huyu hakati maneno."

Verediana alitafsiri hata hilo, na watu wakacheka, na yeye akaona uso unamwaka. Alikuwa amesimama mbele ya kamera chini ya bawa la ndege na kujiona mtu. Hakuwa amejiona hivi. Fundi wa Uvira na daktari wa Chatsworth walikuwa wanapeana mikono juu ya sahani za wali, na neno lililowafikisha hapo lilipita kinywani mwake bila kuchafuka.

Ni wakati huo pazia liliposimama.

Lilikuwa limepepea mchana kutwa, sasa likaning'inia kama limekufa. Joto likaongezeka, watu wakaacha kujipepea na kutazamana. Kisha pazia lilivutwa upande wa pili, lote, likakakamaa. Mifuko ya plastiki ilipanda hewani bustanini, matawi yakainama kuelekea kaskazini, na hewa baridi ikaingia maegeshoni ikazima mishumaa ya keki kabla ya maharusi. Anga upande wa kusini lilikuwa la rangi ya risasi. Saa ya Mzee Respicius, aliyeitazama kwa makusudi na kuwaonyesha jirani zake, ilikuwa inakaribia tisa.

Mvua ilishuka kama gunia lililokatwa kamba. Bustani ikapotea. Pale ambapo meza zingekuwa, maji yalianza kutembea. Chini ya saruji, watu wa harusi walikaa wakavu na vitenge vyao, wakisikiliza. Halafu mtu alipiga kigelegele, na wa pili, na maegesho yote yakajibu.

Mama Antoinette aliinuka meza kuu. Alitembea na kilemba chake cha dhahabu mpaka mwisho wa paa, akanyoosha mkono kwenye mvua, akauleta mdomoni.

"Haiko chumvi," alisema.

"Hii haikuguswa na mtu, Mama," alisema Verediana, aliyekuwa amemfuata.

Mama Antoinette alimshika mkono kwa ule mkono wake uliolowa, akamvuta hadi kwenye kipaza sauti, akampokonya mshereheshaji katikati ya sentensi.

"Batu bote," alisema. "Banasema mtoto wangu anafunga mvua. Hafungi. Banasema anafungua. Hafungui. Jana alikuja mbele yetu, akajua tutamkasirikia, akasema ile iko kweli. Mimi nimezaa mmoja, Julienne, leo ameenda kwa bwana yake. Huyu sikumzaa, na huyu haendi fasi, hatoki kwangu." Akarudisha kipaza sauti. "Pigeni muziki."

Walipiga muziki. Julienne alikuja na shela lake akamkumbatia Verediana kwa nguvu, akamwambia sikioni kwamba kama angelowa angemuua, dada au si dada. Baba Cele alicheza na mama wa Kihindi. Dokta Moonsamy alikuwa amekaa na Cathy, wanaulizana kwa ishara habari za biriani.

Mzee Respicius alingoja mpaka ngoma ilipopoa. Alikuwa amevua koti, mara ya kwanza mtu yeyote kumwona hivyo.

"Mwanangu, Desemba tuna harusi nyingine," alisema. "Sultan, mtoto wa rafiki yangu. Nje pia. Nakuuliza kwa heshima. Unaweza kutufungia?"

"Siwezi, baba."

Tabasamu lile la Jumatano lilianza kumjia mzee, likafika nusu. Akamtazama msichana usoni, akatazama maji yanayokimbia bustanini, na tabasamu likarudi lilikotoka. Alionekana mzee zaidi, na mpole zaidi.

"Dominiki naye alikuwa anatuambia hivyohivyo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na sisi tunacheka." Alitikisa kichwa. Kisha akageuka, akaita juu ya muziki kwa sauti ya mwenyekiti wa kamati: "Gosbert! Yule mtu wa hema, mpigie Jumatatu. Mwambie la Desemba alishike mapema."